SOMO LA 31: MAJI NDANI YA PUNJE, SI NJE
(Kutayarisha mtama kwa mbegu ya uyoga)

Watoto, ninyi mnaujua uyoga. Mvua za kwanza zikinyesha, mama na dada huamka mapema kwenda kuutafuta porini na kwenye vichuguu. Katika Katanga watu huuza uyoga kando ya njia kuu, umepangwa vizuri katika mabeseni na vitunga. Ni mboga nzuri ya kulia ugali. Lakini mvua zikikoma, uyoga nao unakoma, na kitunga kinabaki kitupu.

Je, hatuwezi kulima uyoga nyumbani, kama tunavyolima maharagwe? Tunaweza, lakini si kila uyoga. Uyoga wa kichuguu huishi pamoja na mchwa wenyewe. Mchwa huulisha na kuutunza chini ya udongo, nao uyoga huwapa mchwa chakula. Ni vigumu sana kuulima mbali nao. Lakini uko uyoga mwingine, mpana kama sikio, ambao huota juu ya miti iliyokufa. Wataalamu huuita Pleurotus. Huo unakubali kuota juu ya mabua ya mahindi, maganda ya maharagwe na majani makavu ya ndizi, yaani vitu tunavyovitupa kila siku.

Ili kuulima, tunahitaji mbegu. Na ili kupata mbegu, tunahitaji punje za mtama zilizotayarishwa vema. Leo tutajifunza jambo moja tu la kazi hiyo: kuupa mtama maji ya kadiri. Ni jambo dogo, lakini chupa nyingi huharibika kwa sababu yake. Na mtama ni chakula. Kilo moja ya mtama ni ugali wa nyumba nzima jioni moja. Anayeuharibu amewanyima wenzake chakula.

1. Mbegu ya uyoga ni nini?

Uyoga si mti wala jani. Hauna mizizi, hauna maua, wala hauzai mbegu kama ya haragwe. Kile tunachochuma na kula ni kama tunda tu. Uyoga wenyewe ni nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko nywele, zilizojificha ndani ya mti uliooza au ndani ya udongo. Vunja kipande cha mti uliooza msituni, nawe mara nyingi utaona nyuzi za namna hiyo.

Wakulima huchukua nyuzi hizo safi na kuziotesha juu ya punje za nafaka ndani ya chupa. Punje zikishavikwa nyuzi nyeupe pande zote, ndizo zinazoitwa mbegu ya uyoga. Mwaka 1932 mtaalamu wa Marekani, James Sinden, alipata hati ya uvumbuzi wa njia hii. Kabla yake wakulima walipanda vipande vya samadi ya farasi vyenye nyuzi ndani. Kwa nini punje ni bora? Kwa sababu ni nyingi na ndogo. Katika kilo moja ya mtama mara nyingi mna punje zaidi ya 20,000. Kila punje ni kama mtumwa wa habari: inachukua nyuzi zake na kuzifikisha mahali pake, na uyoga unaanza kula kutoka mahali pengi kwa mara moja.

2. Maji yana kazi gani?

Uyoga hauna kinywa. Unakula namna gani basi? Nyuzi zake hutoa utomvu unaoyeyusha chakula kilicho karibu, kisha huvuta chakula hicho kilichoyeyuka pamoja na maji. Mahali pakavu, utomvu hauwezi kwenda, na chakula hakiwezi kuyeyuka. Kwa hiyo bila maji uyoga hufa njaa, hata ukikaa juu ya ghala nzima.

Lakini uyoga pia unavuta hewa, kama sisi. Kati ya punje na punje mna nafasi ndogo, na hewa hupita humo. Maji yakijaa katika nafasi hizo, hewa haipiti, na nyuzi hukosa pumzi. Tena vijidudu vya kuozesha hupenda sana maji yaliyo nje ya punje. Huogelea humo na kuzaana upesi kuliko uyoga.

Angalieni basi: maji hayo hayo ni rafiki yakiwa ndani ya punje, na ni adui yakiwa nje. Shikeni neno hili: maji ndani, si nje. Somo lote limo katika maneno hayo.

3. Chupa tatu

Tuseme tuna chupa tatu za mtama. Zote zimetiwa nyuzi za uyoga siku moja. Baada ya siku kumi tunazitazama.

Katika chupa ya kwanza, mtama ulitiwa ukiwa na majimaji. Chini ya chupa kuna maji ya kijivu, punje zimeshikamana kama uji ulioganda. Ukifungua, harufu yake ni kali na mbaya, kama ya kitu kilichochacha. Nyuzi nyeupe zimeanza juu kidogo, zikasimama. Vijidudu vimeshinda.

Katika chupa ya pili, mtama ulipikwa kidogo mno. Hakuna harufu mbaya, hakuna kuoza. Lakini nyuzi ni chache na dhaifu, kama utando wa buibui. Punje nyingi bado ni tupu. Ukikata punje moja kwa kisu, katikati ni nyeupe na kavu kama chaki. Uyoga una njaa katikati ya chakula.

Katika chupa ya tatu, kila punje imevaa nguo nyeupe. Ukitikisa chupa, punje zinaachana moja moja. Harufu yake ni nzuri, kama ya uyoga mpya. Mtama ni ule ule, chupa ni zile zile, nyuzi ni zile zile. Tofauti ni maji tu.

4. Kazi yenyewe

Fanyeni kazi hii pamoja na mwalimu au mzazi.

Kwanza: chagua mtama mzuri wa kula, usio na ukungu wala wadudu. Usitumie kamwe mbegu za kupanda zilizotiwa dawa na rangi. Dawa hiyo ni sumu kwa watu, na huweza kuua nyuzi za uyoga pia. Pepeta mtama kwa lungo. Ondoa makapi, mawe na punje zilizovunjika, kwa maana punje iliyovunjika hutoa unga, na unga huo hugeuka gundi.

Pili: pima mtama kwa mizani kabla haujaguswa na maji. Andika uzito wake. Wengi husahau hapa, na baadaye hawana la kulinganisha.

Tatu: osha mtama mara mbili au tatu, mpaka maji yawe safi. Kisha uloweke kwa maji mengi tangu jioni mpaka asubuhi, yaani masaa 12 au zaidi kidogo. Usipitishe siku nzima, kwa maana utaanza kuchacha na kuchipuka. Kuloweka kuna faida mbili. Maji yanaingia polepole mpaka moyoni mwa punje. Tena vijidudu vilivyolala ndani ya maganda yao magumu vinaanza kuamka, na kijidudu kilichoamka ni rahisi kukiua kwa moto.

Nne: mwaga maji ya kulowekea, tia maji mapya, weka sufuria motoni. Yakianza kuchemka, punguza moto. Acha mtama uchemke polepole karibu dakika 15 mpaka 20. Mahindi ni makubwa na magumu, yanataka muda mrefu zaidi. Usiache sufuria ukaenda kucheza. Kila baada ya dakika chache toa punje, uzikate kwa kisu. Moyo mweupe mkavu ukiisha kutoweka, ondoa sufuria upesi, kabla punje hazijapasuka. Punje chache zikipasuka, si neno. Nyingi zikipasuka, umepika ugali, hukupika mbegu.

Tano: mwaga mtama katika kitunga safi, maji yachuruzike. Kisha utandaze juu ya mkeka au kitambaa safi, tabaka jembamba, mahali penye kivuli na upepo mdogo. Geuza kwa mkono uliooshwa. Mvuke utapanda, huo ni maji ya nje yanayoondoka. Usiuanike juani mchana kutwa, maana maji ya ndani nayo yatakwenda. Mara nyingi saa moja au mbili zinatosha. Siku ya mvua hungoja zaidi, kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji.

Sita: changanya unga wa jasi, ule mweupe wa plasta, gramu 10 mpaka 20 kwa kila kilo ya mtama mkavu uliopima mwanzo. Jasi huzuia punje zisishikamane.

5. Alama nne za kujua

Mtama umekuwa tayari lini? Usitazame saa tu. Ulize mtama wenyewe, nao utakujibu kwa alama nne.

Alama ya kisu. Kata punje kumi. Zote ziwe laini mpaka katikati, bila moyo mweupe mkavu.

Alama ya kidole. Bonyeza punje kati ya vidole viwili. Ibonyee bila kugeuka uji, wala isiwe ngumu kama jiwe.

Alama ya karatasi. Weka konzi ya punje juu ya karatasi kavu, uhesabu mpaka 60. Karatasi ikilowa, maji ya nje yangalipo. Rudisha mtama mkekani. Karatasi ikibaki kavu au ikipata unyevu kidogo sana, vema.

Alama ya mkono. Tia mkono ndani ya mtama, uutoe. Punje zianguke zenyewe. Zikikushika mkono mzima kama ugali, bado kazi.

6. Hesabu ya mizani

Macho na vidole ni vizuri, lakini mizani haina upendeleo. Tufanye hesabu.

Mtama mkavu wa ghalani si mkavu kabisa. Ndani yake mna maji karibu 12 kwa mia. Basi kilo moja, yaani gramu 1,000, ina gramu 120 za maji na gramu 880 za kitu kikavu.

Mtama wa mbegu ya uyoga unatakiwa uwe na maji karibu 50 kwa mia, yaani nusu maji na nusu kitu kikavu. Kitu kikavu hakiongezeki tunapopika. Kinabaki karibu gramu 880. Nusu moja ikiwa gramu 880, nusu ya pili nayo ni gramu 880.

880 + 880 = 1,760.

Basi kilo moja ya mtama, baada ya kuloweka, kupika na kukausha nje, kabla ya kutia jasi, ipime karibu gramu 1,760. Tumeongeza maji gramu 760, yaani zaidi kidogo ya robo tatu za lita.

Si lazima ipime 1,760 barabara. Ikiwa kati ya gramu 1,600 na 1,950, mtama una maji kati ya 45 na 55 kwa mia, na uyoga utaota. Chini ya hapo, urudishe katika maji ya moto dakika chache. Juu ya hapo, uache mkekani zaidi, ugeuze, upime tena.

Lakini angalieni! Mizani huonyesha maji yote pamoja. Haisemi kama yako ndani au nje. Mtama uliopikwa kidogo na kulowa nje huweza kupima sawasawa na mtama mzuri. Kwa hiyo tumia mizani pamoja na kisu na karatasi. Mashahidi watatu wakipatana, usiogope.

7. Chupa na mvuke

Jaza chupa safi sehemu mbili kwa tatu tu, ili ubaki na nafasi ya kutikisa. Ziba mdomo kwa pamba kavu, funika pamba kwa karatasi na kuifunga kamba, ili matone ya mvuke yasiilowe. Pamba iliyolowa ni mlango wazi kwa vijidudu.

Sasa lazima kuua vijidudu vyote vilivyobaki. Maji yanayochemka hayatoshi. Pwani ya bahari maji huchemka kwenye joto la digri 100. Lakini mji wa Bukavu uko karibu meta 1,500 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye digri 95 hivi. Viko vijidudu ambavyo, vikiwa katika maganda yao, huvumilia hata digri 100. Ndiyo maana watu hutumia sufuria nene yenye kifuniko cha kukaza. Mvuke uliofungwa ndani hupata nguvu, na joto hufika digri 121. Chupa hukaa humo karibu saa moja na nusu.

Kazi hiyo ni ya mtu mzima peke yake. Mvuke wenye nguvu huunguza vibaya. Sufuria haifunguliwi kabla ya kupoa na mvuke wote kwisha.

Asiye na sufuria ya namna hiyo afanyeje? Mtaalamu John Tyndall alieleza njia nyingine mwaka 1877. Chupa hutiwa katika mvuke wa kawaida kwa saa moja, siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza vijidudu vilivyo macho vinakufa. Usiku, kwa unyevu na joto la nyumba, vilivyolala vinaamka, na kesho yake vinakutana na mvuke. Siku ya tatu yanauawa mabaki. Mnaona? Hata hapa maji ya ndani yanasaidia: katika punje kavu vijidudu haviamki, na mvuke wa siku tatu ni bure.

Chupa zikipoa kabisa, zitikise, unyevu uenee sawasawa. Kisha, katika chumba kisafi kisicho na upepo, tia nyuzi za uyoga upesi, mikono ikiwa imeoshwa. Weka chupa gizani, mahali pa joto la digri 25 hivi. Karibu siku ya saba zitikise tena, ili punje zenye nyuzi zitembelee wenzao. Baada ya majuma mawili au matatu chupa nzima inakuwa nyeupe.

8. Mtama ulioharibika

Tazama chupa kila siku. Nyeupe ni rangi ya uyoga wetu. Rangi ya kijani, nyeusi au ya machungwa ni ukungu mgeni. Maji ya kijivu na harufu ya kuchacha ni vijidudu. Chupa ya namna hiyo itolewe mara moja, ichemshwe ikiwa imefungwa, kisha mtama wake ufukiwe mbali na chupa nyingine.

Mtu mwingine atasema: «Tusiutupe, tuwape kuku.» La! Ukungu mwingine hutoa sumu inayoharibu ini la mtu na la mnyama, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mtama wa ukungu hauliwi na mtu, wala kuku, wala nguruwe.

Lakini sikilizeni jambo la faida. Mtama uliopasuka sufuriani, au uliopikwa kupita kiasi, bado haujaharibika. Kabla ya kutia jasi ni chakula kizuri cha siku ile. Uliwe nyumbani jioni hiyo hiyo, tena kwa furaha, na kesho tuanze upya. Kosa likionekana mkekani, tunakula. Likifichwa ndani ya chupa, tunafukia. Kwa hiyo asiione haya yule anayesema: «Karatasi yangu imelowa.» Huyo ameokoa chakula cha nyumba.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Pima kabla ya kulowesha. Pika mpaka moyo mweupe uishe, usipite hapo. Kausha nje, usikaushe ndani. Kilo moja ipime karibu gramu 1,760. Mtama wa ukungu hauliwi na kiumbe yeyote wa nyumbani. Na uyoga wa porini usioujua, usiule, hata ukipendeza macho.

MAULIZO

1. Uyoga unakula namna gani, nao hauna kinywa?
2. Kwa nini maji yaliyo kati ya punje ni adui?
3. Toa faida mbili za kuloweka mtama usiku.
4. Mizani peke yake inaweza kutudanganya. Eleza namna gani.
5. Kwa nini maji ya Bukavu huchemka kabla ya kufika digri 100?
6. Mtama umepasuka sufuriani. Tufanye nini nao? Na mtama wenye ukungu wa kijani?

HESABU

1. Tumepima kilo 3 za mtama mkavu wenye maji 12 kwa mia. Baada ya kuutayarisha vema, upime gramu ngapi?
2. Kilo 2 za mtama huo zimepima gramu 4,400 baada ya kupikwa. Maji ni ngapi kwa mia? Je, tutie chupani?
3. Kilo 1 imepima gramu 1,400. Tufanye nini?

KAZI YA MIKONO

Pamoja na mwalimu, pimeni gramu 100 za mtama wa ghalani. Ukausheni juu ya bati na moto mdogo, bila kuuunguza, mpaka uzito usipungue tena. Uzito uliopotea ni maji. Fanyeni vivyo hivyo kwa gramu 100 za mtama uliopikwa na kukaushwa nje. Andikeni hesabu zote mbili ubaoni, mzilinganishe.